Nahodha Arudipo Njiani Alipwe Ujira Wake Kamili

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mnajua ya kuwa mwezi wa Julai mwaka jana niliomba ruhusa ya siku kumi kwa Kamati, nikenda bara kumtazama dada yangu, ambaye mumewe ana duka la vitambaa Makambako. Niliporudi mliniuliza barazani khabari za baridi ya huko na bei ya viazi, nami nikawaeleza. Lakini iko khabari moja niliyoificha kwa kuwa ilinitia haya. Leo naona yapasa kuiandika, kwani mkutano wetu mkuu u karibu, na ndani yake imo hoja ambayo baadhi yenu mmeshaipinga kabla ya kuisikia vyema.

Hoja yenyewe ni hii. Chombo kilichokodiwa na Chama, au na mwanachama kwa kazi ya karafuu, nahodha wake akikataa kung'oa nanga kwa sababu ya hali ya bahari, au akirudi njiani kwa sababu hiyo hiyo, alipwe ujira wake wote kama kwamba amefika.

Mshika Fedha wetu, ambaye namheshimu kama baba, amesema mbele za watu kwamba huko ni kulipa watu kwa kulala. Nitamjibu kwa adabu zote, lakini kwanza niwachukueni Makambako.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya mpaka Zambia yapita hapo, na hapo ndipo inapochipuka barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, nayo ina stesheni yake. Ukikaa barazani kwa shemeji yangu waona malori ya mbao, ya viazi, ya parachichi na ya mahindi yakipita usiku na mchana. Watu wa kwetu wapo, wa Pemba na wa Tanga, na msikitini hukosi mtu wa kukuuliza karafuu mwaka huu zimezaa vipi. Wenyeji ni Wabena. Hukuamkia "Kamwene", na mgeni akijua kuitikia hufurahi sana. Njombe mjini ni mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapo, na ni juu zaidi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai kuna ukungu na manyunyu, na ziko asubuhi ambazo nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Nilivaa makoti mawili, la tatu nikajifunika.

Sikudhani kuwa katika mkoa wa baridi namna ile ningekwenda kufunzwa mambo ya vyombo. Lakini Mkoa wa Njombe una pwani yake. Wilaya ya Ludewa yateremka mpaka Ziwa Nyasa, na maji ya ziwa hilo yako chini kuliko Njombe mjini kwa karibu mita 1,500. Kwa hivyo mtu hutoka kwenye baridi kali asubuhi, na jioni akawa anatoka jasho chini ya mwembe. Milima ya Livingstone imesimama juu ya maji kama ukuta wa ngome, na pahali pengi hapana hata ufuo wa maana. Mlima unakwisha, ziwa linaanza. Kina cha ziwa hilo hufika mita 700, nalo ni refu zaidi ya kilomita 500 kutoka kaskazini mpaka kusini, basi upepo ukitoka kusini una uwanja wa kutosha wa kujenga mawimbi. Mtu wa Pemba anayejua Mkondo wetu na kina chake hana haja ya kuelezwa zaidi.

Jumamosi tulishuka watu wanne katika gari ya mizigo: mimi, shemeji yangu, na wafanya biashara wawili wa Makambako, mmoja wao mtu wa Tanga ambaye babake alikuwa na jahazi. Walitaka kutazama biashara ya samaki wakavu, mbasa na dagaa, kisha warudi dukani Jumatatu. Tulilala Lupingu. Jumapili asubuhi tulikodi boti kutupeleka Manda, upande wa kusini, huko unakotoka Mto Ruhuhu, na kuturudisha magharibi.

Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, na mashine ndogo nyuma. Ndani mlikuwamo mlingoti umelazwa na tanga la turubai limekunjwa. Nahodha alikuwa kijana wa Kikisi wa miaka ishirini na kitu (Wakisi ndio watu wa maji katika pwani ile), na pamoja naye alikuwa mdogo wake wa kukumba maji. Tulikubaliana bei. Nusu tulimpa pale pale, akanunua mafuta nayo. Nusu ya pili apewe tukifika Manda. Bila shaka mwaijua dasturi hiyo, kwani ndiyo yetu sisi hapa.

Ziwa lilikuwa kimya kama maji ya birika. Jua zuri, na upande wa pili milima ya Malawi yaonekana samawati. Yule bwana wa Tanga akaanza kumchezea kijana: "Sasa hilo tanga umelibeba la nini, la kulalia?" Kijana akajibu kwa upole kwamba hulipandisha siku upepo ukiwa na upande mmoja, na leo hajui utatoka upande gani. Sisi tukacheka. Mimi nami nikatia langu, nikasema kwetu mtoto wa miaka kumi hujua kwenda joshi. Kijana hakujibu neno.

Tulikwenda kama saa moja. Kisha nikaona jambo ambalo sikulijali: juu ya milima, ambako asubuhi palikuwa peupe, limekaa wingu kama kilemba, na halisogei. Mara upepo wa baridi ukashuka kutoka juu, ukapiga maji karibu nasi kama mtu aliyemwaga gunia la mchele, ukapita. Kukawa shwari tena, na jua likawaka. Ukaja wa pili, kwa upande mwengine. Tone chache za mvua zikatupiga usoni, hali ya kuwa juu yetu mbingu i wazi. Baada ya hapo kijana akatazama kusini kwa muda, nasi tukatazama, tukaona mstari mweusi juu ya maji, mbali.

Akasema, "Mwera unakuja, wazee. Turudi."

Ni jina la upepo wa kusini na mashariki katika ziwa lile, nao huvuma katika miezi ile ile ya kusi letu. Kwa hakika ni ndugu wa kusi. Ni pepo zile zile za bahari ya Hindi zinazoingia nchi kavu, isipokuwa huko zimebanwa baina ya milima. Lakini siku ile sisi hatukuyafikiri hayo. Kwa sisi Mwera ni kijiji cha Unguja, na mtu wa Tanga alitoa mzaha katika jina hilo ambao hauandikiki.

Tulimkatalia. Shemeji yangu alimwambia kwamba tumekwenda nusu ya njia, na kurudi nusu na kwenda nusu ni sawasawa. Bwana wa Tanga alimwambia kwamba upepo wa mbele si kitu, apunguze mashine akate mawimbi kwa omo. Yule wa tatu akamkumbusha kwamba nusu ya pesa zake ziko Manda, na hapa katikati ya maji hapana anayelipwa. Mimi sikusema kitu. Nilijua ya kuwa kijana ana haki, kwa kuwa nimezaliwa mwambao na nimeuona mstari mweusi wa namna ile, lakini nilinyamaza kwa kuwaonea haya wenzangu. Na mtu akinyamaza katika boti ya watu sita, huwa amepiga kura.

Kijana akasema maneno haya tu: "Pesa zangu kaeni nazo." Akageuza.

Katika kurudi upepo ulitushika kwa nyuma. Bwana wa Tanga akataka sasa tanga lipandishwe, turuke. Kijana akakataa tena, akasema upepo wa mlima ukikutana na mwera, tanga halijui limfuate nani. Mawimbi yalitufuata mpaka tezi, yakaingia, na mdogo wake akakumba maji bila kupumzika. Mimi nikamsaidia kwa kopo la rangi. Tulifika Lupingu tumeroa mpaka kwenye mifupa, na jua bado linawaka. Nyuma yetu ziwa lilikuwa jeupe lote.

Wenzangu walikataa kumlipa nusu ya pili. Walisema mapatano ni Manda, na hapa si Manda. Kwa sheria ya mapatano hawakukosea. Kijana alivuta boti yake juu ya mchanga na mdogo wake, akafungua mashine, akaitia begani, akapanda nayo njia ya nyumbani.

Jioni, yapata saa kumi na moja, ilifika boti nyengine iliyotutangulia asubuhi kwenda huko huko. Ilikuwa na watu saba na magunia ya unga wa muhogo. Watu wote walirudi wazima, Alhamdulillah. Magunia yote walikuwa wameyatupa majini, na mama mmoja miongoni mwao hakuweza kusimama aliposhushwa. Hapo ndipo wenzangu waliponyamaza. Shemeji yangu alitoa pesa, nami nikatia zangu, tukaenda kumtafuta kijana. Hakuwapo. Siku hizi pesa hupita katika simu, na kumpelekea mtu ujira wake ni kazi ya dakika moja. Lakini hatukuwa na namba yake, wala hatukumuuliza jina lake toka asubuhi. Tulikuwa tukimwita "kijana". Tulimwachia mama anayeuza chakula pale bandarini. Kama zilimfikia sijui.

Usiku ule mzee mmoja wa Lupingu alitutajia meli ya Vipya. Nilipofika nyumbani niliitafuta khabari yake vitabuni nikaikuta ni kweli. Ilikuwa meli mpya, imeanza kazi mwaka ule ule wa 1946, na mwezi wa Julai, tarehe 30, dhoruba iliizamisha katika ziwa hilo upande wa kaskazini, pwani ya Malawi, ambayo zamani zile ikiitwa Nyasaland. Walikufa watu 145. Basi katika mwezi ule ule, ziwa lile lile, na upepo ule ule ambao sisi wanne tuliufanyia mzaha, ilizama meli ya chuma.

Mngedhani, Ndugu Wanachama, kwamba mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake amejifunza. Wallahi sikujifunza. Hiyo ndiyo sehemu niliyoificha.

Mwishoni mwa Agosti, wiki chache baada ya kurudi kwangu, Chama kilikodi dau kuchukua karafuu za wanachama katika kijiji kimoja cha hori za magharibi ambacho lori halifiki, kuzipeleka Wete. Ilikuwa Jumamosi. Nahodha alisema asubuhi kwamba nje kumechafuka, na kwamba angengoja kusi lipunguze, labda kesho. Nasi tulijua kwamba mzani utafungwa jioni, na wachumaji wanangojea haki zao, na Jumapili hapana kupima. Tulimpigia simu mara nne. Simu mbili kati ya hizo nilipiga mimi. Katika ya pili nilimwambia kwamba kama hatoki, Chama kitatafuta mwengine, na kwamba ujira hulipwa kwa mzigo uliofika. Akatoka. Nje ya mlango wa hori foromali ilivunjika, dau likaingia maji mpaka juu ya ngama, na baharia mdogo kabisa akavunjika mkono. Karafuu zilizorudi ziliroa maji ya chumvi, na hata baada ya kuanikwa siku tano zilishushwa daraja. Wenye mali wanajikumbuka, na wamekuwa na subira nyingi kwangu.

Katika kikao cha Kamati tuliandika kwamba sababu ya khasara ni "hali mbaya ya hewa". Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Hali ya hewa haikuwa sababu, kwani ilijulikana toka alfajiri. Sababu ilikuwa ni ile nusu ya ujira.

Tazameni jinsi tunavyofanya. Tunamchukua mtu mmoja aijuaye bahari kuliko sisi sote, tunamwambia: amua wewe, nahodha ni wewe. Kisha tunafunga chakula cha watoto wake katika upande mmoja wa uamuzi. Akienda, analipwa, akirudi, amepoteza mafuta, siku yake na heshima yake, na kesho watu watasema nahodha fulani ni mwoga. Halafu chombo kikizama tunakaa matangani tunauliza kwa nini alitoka katika upepo ule.

Wako watakaosema kwamba sasa hapana haja ya haya, kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa khabari kila siku, tena kwa rangi: njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ni kweli, na ni neema. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, kilitangazwa mapema, boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na Jumamosi tarehe 4 kikapiga Mafia. Watu walitii. Hata wale ambao hawasikii la mtu waliburura ngalawa zao juu. Lakini nafikiri walitii kwa sababu upepo ule ulikuwa na jina, na ulisemwa redioni asubuhi na jioni. Kusi la kila siku halina jina kama hilo. Tumelizoea, kama tulivyouzoea mwiba wa mchongoma nyuma ya nyumba. MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, kilichovuma hakikuwa kimbunga. Lilikuwa kusi la Julai, kali, mchana kweupe. (Sitaji hapa MV Spice Islander ya Septemba 2011, iliyokuwa ikija kwetu Pemba, ile kwanza ilikuwa khabari ya kupakia kupita kiasi, na pia najua ni majumba mangapi yatakayosoma karatasi hii.)

Tena, rangi ya njano husema juu ya mwambao mzima. Haisemi juu ya mlango wa hori moja, saa nane mchana, maji yakitoka na upepo ukiingia. Hilo lajulikana na mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekamata usukani.

Na wazee wangu mniwie radhi, lakini wako kati yetu wanaosema kwamba bahari hii twaijua toka kwa mababu, kaskazi na kusi, matlai na umande, na tanga mbili katikati, na kwamba hapana jipya. Mababu wenyewe walidhani hivyo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliingia Unguja, pahali ambapo watu hawakukumbuka kuona mfano wake. Vyombo bandarini viliangamia, pamoja na meli za Sayyid Barghash, na mikarafuu na minazi ya Unguja ilikwenda chini kwa sehemu kubwa sana. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana tangu siku zile sisi ndio tuliotangulia katika karafuu. Kila mwanachama anayejivunia shamba la babu yake, basi fakhari hiyo iko chini ya upepo uliokosea njia kwa mwendo wa masaa machache. Sioni kama inatufalia sisi khasa kuuzoea upepo.

Sasa nimjibu Mshika Fedha.

Amesema kwamba manahodha wataona wingu moja, watarudi, watakula pesa za Chama. Kwanza, nahodha anaishi kwa jina lake. Akirudi mara tatu hali wenzake wamefika wakavu, hapana haja ya kanuni. Hatapata mtu wa kumkodi. Pili, kila diko lina Bwana Diko, na neno lake twalikubali katika mambo ya samaki, kwa nini tusilikubali katika jambo hili? Nahodha akirudi, Bwana Diko na mwanachama mmoja aliyekuwapo watie sahihi katika karatasi ya safari, basi. Wasiulizwe kama upepo ulikuwa mkali kiasi gani. Waulizwe kama alirudi kwa ajili ya bahari, si kwa ajili ya harusi ya shangazi yake.

Amesema pia kwamba Chama hakina fedha za kuchezea. Nimepekua daftari la msimu uliopita safari moja moja. Safari ambazo nahodha alirudi au alikataa kutoka hazifiki hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Ujira wa safari hizo zote pamoja haufiki nusu ya bei iliyopotea katika karafuu za Agosti peke yake, wala sikuhesabu matibabu ya yule baharia, ambayo mpaka leo Chama kimelipa kidogo na kilichobaki kimelipwa na babake. Mshika Fedha anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi, na nadhani ndiyo maana hakuitaja.

Liko neno lake moja ambalo lina nguvu, nami sitaki kulipita. Ameuliza: na mzani ukifungwa, wachumaji wakakosa haki zao kwa sababu nahodha kalala, nani atawajibu? Ni kweli kwamba mchumaji hali upepo. Mapendekezo yangu ni kwamba siku chombo kisipotoka, Katibu apeleke khabari kituoni siku hiyo hiyo kuomba mzigo upimwe mwanzo siku ya kwanza ya kazi, na Chama kiwakopeshe wachumaji sehemu ya haki zao katika mfuko wa dharura. Mfuko huo ni mdogo. Sina jibu bora kuliko hilo, na mwenye nalo alilete mkutanoni.

Na iko tabia moja ambayo hapana kanuni itakayoifikia, nayo ni ulimi. Safari nyingi za Jumamosi na Jumapili si za karafuu hata kidogo. Ni za maulidi, za mpira, za kuchukua bibi harusi kisiwa cha pili. Vijana ishirini wamevaa kanzu mpya, ngoma inapigwa, na nahodha anasema tungoje maji. Atachekwa mpaka atoke. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa akitwambia kwamba kutawakali kunakuja baada ya kufunga kamba, na mtu aliyeacha kamba wazi akasema "natawakali" amesema neno zuri pahali pabaya. Sisi tumezidi: tunamcheka anayefunga.

Hoja ni ya nne katika ajenda, baada ya hesabu za mwaka. Anayetaka kusema juu yake, kwa kuunga au kwa kupinga, alete jina lake afisini kabla ya Alkhamisi alasiri ili apewe nafasi. Daftari la safari litakuwa juu ya meza, kila mtu alifungue. Ukurasa wa Agosti nimeuandika upya kwa mkono wangu, wala sikuufuta ule wa kwanza. Wa pili unaonyesha simu nne, nani aliyepiga, na saa ngapi.

Wenu,
Katibu